Simu Katika Kabati la Dawa Kali

Mlango uligongwa, lakini hodi haikusikika. Ukagongwa tena, taratibu, kana kwamba agongaye anauomba mlango radhi.

"Nani huyo anayekwaruza kama panya?" Shangazi aliuliza, bila kuondoa macho kwenye shati alilokuwa akilishonea kifungo. "Mtu mwenye adabu zake hupiga hodi akasikika."

Binti alikuwa amekwisha simama. Tena, kwa kweli, moyo wake ulikuwa umesimama tangu adhuhuri; ni mwili tu uliobaki kitini.

"Ni yeye," alisema.

"Yeye nani?"

"Fundi."

Baba yake alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Mzee huyo alikuwa dalali wa minada kwa maisha yake yote ya kazi. Aliuza vitanda vya marehemu, magari yaliyopata ajali, hata ng'ombe wasiosimama, yote kwa kinywa chake peke yake. Na ingawa sasa alikuwa amestaafu, bado alizungumza na watu wa nyumbani kana kwamba wamekaa safu ya nyuma. Aliamini kuwa mtu ni kauli. Alipoambiwa kwamba fundi wa majokofu anamtaka binti yake wa pekee, hakuuliza ukoo wala mali. Alisema tu, "Na aje aniambie mwenyewe. Sitaki mjomba wake, sitaki shangazi zake. Nimesikiliza maneno ya watu tangu ujana wangu. Nitamjua kwa maneno yake."

Nalo ndilo sharti pekee ambalo kijana yule hakuweza kulitimiza.

Ili mtu asihukumiwe kabla ya wakati wake, yafaa yaelezwe yaliyotangulia. Binti huyo alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa la mtaani. Watu walimwita Dakta, naye alikwisha choka kuwasahihisha. Siku moja jokofu la insulini na chanjo lilizima, akaitwa fundi. Akaja kijana mrefu, mwenye mikono mikubwa na macho ya upole, na mkoba wa zana begani. Alipoulizwa jokofu lina nini, alifungua kinywa. Shingo ikakaza, macho yakafumba, neno likagoma kama punda kwenye daraja. Alikuwa na kigugumizi kizito cha kuzaliwa nacho. Basi akatoa simu yake, akaandika, akamwonyesha: *Jokofu lenu ni zima. Mgonjwa ni waya. Panya ameshiba, ninyi mna hasara.*

Dakta alicheka hata wateja wakageuka.

Tangu siku ile wakawa watu wa kuandikiana. Na huko kwenye simu, Fundi alikuwa mtu mwingine kabisa: mwenye masihara, mwenye mafumbo, mwenye kubembeleza hata usingizi ukaona haya kuja. Jioni walikaa kwenye benchi la nje ya duka, bega kwa bega. Yeye aliandika, Dakta akasoma na kujibu kwa kinywa, yeye akaandika tena. Wapita njia waliwatazama wakatikisa vichwa. "Vijana wa siku hizi! Mtu na mchumba wake, kila mmoja na simu yake, hata hawasemezani." Kumbe mji mzima haukuwa na wawili waliosemezana kama hao.

Mara moja tu alimwandikia habari ya kibao. Alipokuwa mdogo shuleni, mwalimu mmoja alichoka kumngoja, akamvika shingoni kibao cha kuandikia kwa chaki, akamwamuru kila aulizwapo aandike jibu na kukiinua darasa zima wasome. Alikivaa mwaka mzima. *Hata leo,* Fundi aliandika, *mtu akiniletea karatasi huku ananitazama usoni, naona heri ardhi inimeze. Lakini kwenye simu si hivyo. Kwenye simu sote tumevaa kibao.*

Dakta alilisoma neno hilo akalia. Kisha, kama ilivyo desturi ya binadamu, akalisahau.

Ikaja siku ya balaa. Duka lilijaa watu, na simu ikatikisika mfukoni mwa koti lake jeupe. Akaisoma chini ya kaunta. *Nipo hotelini kwa yule bwana mnene. Nimefungua jokofu, nimekuta viatu vyake juu ya nyama ya kusaga. Anasema vikipoa havimbani.* Dakta akacheka, na mkono wake uliokuwa rafuni ukashuka na boksi. Vidonge vya kifafa vya mtu mzima na vya mtoto hukaa jirani, katika maboksi ya rangi moja, na kinachovitenga ni tarakimu ndogo pembeni. Kwa kawaida aliisoma tarakimu hiyo akairudia. Siku ile hakuisoma kabisa.

Aliyepewa vidonge vile ni mtoto wa kike wa mama mmoja mfua nguo. Alivimeza kama alivyoagizwa, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka kwenye ngazi za shule. Nyonga ikavunjika. Madaktari waliiunga, lakini haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mtoto akawa anachechemea, na wao wakasema atachechemea.

Dakta hakujificha. Alimweleza mwenye duka, kisha akaenda kwa yule mama akasema, "Mkono uliokosea ni huu." Mama alimsikiliza, mikono yake ikiwa bado ndani ya povu. Akajibu, "Nimekusamehe, kwa kuwa nimeamriwa kusamehe. Lakini tukikutana njiani, usinisalimie." Na kila alasiri hupita mbele ya duka, yeye na mtoto, njia yao ikiwa ni ileile, hatua moja nzima, hatua moja kilema.

Ndipo Dakta akaazimia. Aliipogoa simu yake kama mti ulioingiwa na wadudu: akafuta akaunti, akafuta picha, akajitoa katika makundi ya waliosoma pamoja, ya harusi, ya mapishi na ya umbea. Katika kundi la ukoo alijitoa bahati mbaya wakati watu wanapeana pole za msiba, na Shangazi akaja mbio bila hata kuvaa viatu vyake vizuri. "Kaka! Mtoto wako kajitoa kwenye ukoo! Imeandikwa, hii hapa, 'ameondoka'! Marehemu hajakauka kaburini, yeye kaondoka!" Alipobaki na simu tupu, aliomba ruhusa kwa mwenye duka, akaifungia katika kabati la chuma lenye kufuli mbili, kabati la dawa kali, lile ambamo hukaa vitu viwezavyo kuua mtu. Mwenye duka alimkabidhi funguo bila neno. Akanunua simu ndogo ya vitufe kwa ajili ya habari za dharura.

Lakini kabla ya kufunga alimwandikia Fundi ujumbe wa mwisho: *Kuanzia leo siandiki wala sisomi. Hata karatasi usinitumie. Ukinitaka, njoo uniambie kwa kinywa, na baba yangu mwambie kwa kinywa.* Sababu hakuitaja. Angewezaje kumwambia mtu kwamba utani wake umevunja nyonga ya mtoto? Alijiambia kuwa anamkinga. Alijiambia pia, na hapa ndipo kosa lake la pili lilipojificha, kubwa kama la kwanza, kwamba mapenzi yatalegeza ulimi. Kwamba mlango mmoja ukifungwa, mpendwa wake atapita kwenye mwingine.

Simu ilionyesha kuwa Fundi anaandika. Ikanyamaza. Ikaonyesha tena. Mwishowe likaja neno moja: *Sawa.*

Huyo basi ndiye aliyekuwa mlangoni.

Dakta alimfungulia. Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hata likawa kama ubao, na mashavu yake yalikuwa yamebonyea tangu walipoonana mwisho. Macho yao yalikutana hapo kizingitini. Kulikuwa na maneno mengi mno katika yale macho ya kiume, maneno yaliyolimbikizwa kwa majuma bila mahali pa kwenda. Dakta alitamani kuukamata ule mkono mkubwa. Badala yake akasema, "Karibu ndani. Usiogope," na mara akajuta kwa nini ameitaja hofu.

Fundi aliingia, akainama mbele ya mzee, akaweka mkono kifuani.

"Sh..." alianza.

Salamu ya heshima haingoji. Ikichelewa, huonekana imenyimwa. Shingo yake ilikaza, mshipa ukasimama, na ile sauti ya kwanza ikavuma chumbani kama mvuke wa birika.

"Marahaba, marahaba!" Shangazi alidakia. "Imefika, mwanangu. Hata kama imekuja kwa miguu, imefika."

"Mwache," Baba alisema.

"Nimemkataza? Nimempokea mzigo tu."

"Nimesema mwache amalize."

Fundi aliimaliza. Baba aliitikia kwa sauti ya mnadani, akamwonyesha kiti, na kwa kitambo akamwangalia kwa wema wa kweli. Kwa maana mzee huyu alikuwa mkali, ila hakuwa mwovu.

"Kijana," alisema, "binti yangu ameniambia una jambo. Mimi sina haraka. Nimeketi. Sema."

"Mzee," Fundi alisema, na neno hilo likatoka safi. Dakta alishusha pumzi. "Nimekuja..."

Nalo likatoka. Kisha mbele ya neno la tatu akakwama. Kinywa kilikuwa wazi, midomo imeshika umbo la neno, wala neno halikuja. Saa ya ukutani ilisikika. Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji, likashuka hata kwenye kola.

Mzee alitazama sakafu ili asimwaibishe. Lakini kidole chake kilianza kugonga mkono wa kiti, polepole, bila mwenyewe kujua, kama kilivyogonga miaka yote mnadani kabla ya mali kwenda kwa mwingine.

"Nimekuja ku... kufanya nini, mwanangu?" Shangazi aliinamia mbele. "Kukagua jokofu? Letu zima. Kuomba maji? Useme tukuletee."

"Dada!"

"Kaka, nasaidia! Mtoto wa watu anazama, na sisi tumekaa ufukoni tunamhesabia mawimbi."

Baba aliuma mdomo. Akawaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Basi, mpe karatasi. Si aibu. Na aandike, nitasoma."

Maskini mzee, alidhani anamfungulia mtu pingu. Shangazi alichana ukurasa wa kalenda ya mwezi uliopita, akatafuta kalamu ndani ya kikapu cha nyuzi, akaja navyo hadi mbele ya magoti ya Fundi, akaviinua huku akimtazama usoni. "Haya, andika, tukuone."

Dakta aliiona ile karatasi ikienda. Ghafla habari ya kibao ilimrudia yote, pamoja na mtoto aliyekiinua na darasa lililocheka. Hakuona kwamba Fundi, kwa upole, ameusogeza kando ule mkono wenye kalamu. Hakuona kwamba shingo yake imeanza kulegea na macho yake yamefumbuka.

"Baba, amekuja kuniposa!" alipiga kelele. "Anataka kunioa, nami nimekubali. Basi! Ndilo hilo, limekwisha semwa!"

Kidole cha mzee kilikoma kugonga kiti.

Kinywa cha Fundi kilijifunga taratibu. Alimgeukia Dakta. Uso wake haukuwa na hasira. Alimtazama kama mtu atazamavyo mkono aliouona mfukoni mwake, akakuta ni wa rafiki.

"Sikukuuliza wewe, mama," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwuliza yeye."

"Lakini baba, ungemngoja mpaka..."

"Ningemngoja. Nimesema sina haraka. Kijana, ndivyo?"

Fundi alisimama, akainama kwa heshima, akatoka. Na kwa fadhaa akatokea mlango wa nyuma, uendao uani.

"Hayo!" Shangazi aliketi kwa kishindo. "Kaka, huyo ndiye utakayemwachia mtoto? Nyumba ikishika moto, atamwita nani? Mpaka afike kwenye neno 'moto', watakuwa majivu."

"Nyumba ikishika moto, Shangazi, wewe ndiye utakayekuwa unatafuta la kuchekesha."

"Unamsikia, kaka? Kajitoa kwenye ukoo, sasa anaung'ata!"

"Adabu, mama," Baba alisema, lakini bila nguvu. "Mfuate. Kamsikilize."

Uani kulikuwa na kamba za nguo, pipa la maji, na ukuta mfupi wenye lango la bati. Fundi alikuwa amesimama kati ya mashuka yaliyoanikwa, simu mkononi, vidole vikikimbia juu ya kioo. Alipomwona Dakta alimaliza mstari, akamwelekezea.

Dakta aligeuza uso. "Usinionyeshe."

Fundi alimsogelea, akainyanyua simu juu kidogo.

"Nimesema usinionyeshe! Tafadhali."

Mkono ule ulishuka. Yeye alisema, kwa kinywa, "Kwa nini?"

Maneno yake tunayaandika hapa yakiwa mazima. Si adabu kuchora kilema cha mtu kwa wino. Yatosha kujulikana kwamba kila neno lilitoka kwa taabu, na baina ya moja na la pili mtu angeweza kuyakunja mashuka yote ya kamba ile.

"Kwa sababu nimeapa," Dakta alijibu.

"Nilikuwa nimefika."

"Wapi?"

"Pale ndani. Lile neno. Nilikuwa nimelifikia."

Dakta alijifunika kinywa. "Niliona karatasi. Nilikumbuka... nilitaka kukuokoa."

"Nilifanya mazoezi," Fundi alisema. "Kila asubuhi. Mbele ya majokofu ya watu. Nayafungua, naingiza kichwa, nayasemea. Mzee, nimekuja kumwomba binti yako." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulitazama. "Majokofu yote yamekubali."

Wakati mwingine Dakta angecheka. Sasa machozi ndiyo yaliyomtoka.

"Kuna mwingine?" aliuliza Fundi.

"Hakuna! Mwingine gani? Mungu ananiona, hakuna."

"Basi nimekosa nini? Umenifungia nje. Watu wote umewaacha na kinywa. Mimi umeniacha na nini?"

Swali hilo lilimwingia kama sindano. Alikuwa amejipanga kulibeba peke yake hata kaburini. Lakini uongo pia ungekuwa kufuli nyingine, naye alikwisha funga nyingi mno. Basi akasema. Alimwambia habari ya duka lililojaa, ya maboksi mawili ya rangi moja, ya ngazi za shule, ya mama aliyemkataza salamu. Alisema akitazama pipa la maji, haraka, kama asomaye maelezo ya dawa kwa mteja. Alipofika mahali pa simu kutikisika, alisita.

Fundi alimsogelea hatua moja. "Ujumbe wa nani?"

Dakta alishika ncha ya shuka lililokuwa karibu, akaikunja.

"Dakta. Wa nani?"

"Mkono ulikuwa wangu. Macho yalikuwa yangu. Wewe ulikuwa hotelini, kazini kwako. Ungejuaje?"

"Vya yule bwana? Viatu?"

Dakta aliinamisha kichwa, akakitikisa kukubali.

Fundi alikaa chini, hapohapo juu ya saruji yenye maji, shati lake jeupe likaloa. Shuka moja lilipeperushwa likamgusa begani, wala hakulisukuma.

"Ana jina gani?" aliuliza mwishowe.

"Mtoto? Usiulize jina lake."

"Anatembea?"

"Anachechemea. Anapita pale dukani kila siku. Nilitaka usijue. Nilitaka nibaki nalo mimi."

"Ndiyo maana hukunipa sababu."

"Ningekupaje? Uliniandikia kunifurahisha! Kosa la nani, kumfurahisha mtu?" Dakta alipiga magoti mbele yake, akaishika ile mikono mikubwa. Ilikuwa baridi. "Nisikilize. Nimekuumiza mara mbili. Nilikunyang'anya ulimi wako nikauita usumbufu. Nimekosea. Kesho nitafungua kabati. Nitaitoa simu. Jioni tu, nikitoka kazini, tukae pale benchini kama zamani. Kazini sitaigusa. Nitaandikiana na wewe peke yako, wengine wote basi. Itakuwa hivyo. Sema ndiyo."

Alijua kuwa inawezekana. Watu wengi hugawa saa zao hivyo na maisha yakaendelea. Kwa dakika ile, juu ya saruji yenye maji, aliiona jioni hiyo waziwazi, na benchi, na bega la Fundi. Akaitaka kuliko alivyopata kutaka kitu.

Fundi alimtazama. Mapenzi yalikuwamo machoni mwake, yote, hayakupungua hata chembe. Na hilo ndilo lililokuwa chungu zaidi.

"Usilifungue," alisema.

"Kwa nini?"

"Nikikuandikia, utacheka?"

Dakta alitaka kusema ndiyo. Alijaribu kujiona akisoma utani wake, akajiona. Na nyuma ya kicheko akasikia ile hatua moja nzima na hatua moja kilema.

"Umeona?" Fundi alisema. "Na mimi sitaweza kuandika. Kila nikishika simu, nitamwona akianguka."

"Basi tutasema kwa kinywa! Nitakungoja. Siku nzima nitakungoja."

"Utanimalizia."

"Sitakumalizia tena, naapa."

"Utanimalizia." Aliutoa mkono mmoja, akamfuta shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama afutavyo kioo. "Shangazi ananimalizia kwa kuwa amechoka. Wewe kwa kuwa unanipenda. Ya Shangazi naiweza."

Ndani ya nyumba Shangazi aliita, "Mwanangu! Chai inapoa! Huyo ameshasema au tumwekee na kitanda?" Sauti ya Baba ikamkemea, mlango ukafungwa.

Fundi alisimama. Dakta naye akasimama. Walikuwa karibu kiasi cha kuhisiana pumzi, na kila mmoja alikuwa akijizuia. Kisha Fundi akakaza shingo, akafumba macho, akaanza sentensi nyingine.

Tangu sauti ya kwanza Dakta alijua inakokwenda. Aliijua kama mtu ajuavyo mvua kwa harufu yake. Maneno yote yaliyobaki yalikuwa tayari kwenye ulimi wake. Angeweza kumpa moja baada ya moja amwondolee taabu, au angeweza kumziba kinywa yasitoke kabisa. Aliuma meno. Akaifunga mikono yake nyuma ya mgongo. Neno la kwanza lilipita. La pili likagoma, likarudi nyuma, likaanza upya, akalingoja. Mshipa wa shingo ya Fundi ulipanda na kushuka, na jua likahama kutoka shuka moja hadi la pili, naye akangoja, macho yake wazi, asimkimbize hata kwa kope.

"Kaa salama, Dakta," Fundi alisema. "Mimi sitarudi."

Alipomaliza alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mahali alipokusudia. Akafungua lango la bati. Likafungika nyuma yake, na hatua zake zikasikika upande wa pili wa ukuta, sawasawa, mpaka zikachanganyika na za watu wengine.

Dakta aliporudi ndani, Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, miwani mkononi.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Nilikuwa namngoja." Mzee aliutazama mlango wa nyuma, kisha binti yake. "Amesema nini?"

"Amesema, baba."

"Yule? Mwenyewe?"

"Mwenyewe," Dakta alijibu. "Mpaka mwisho."